Mteja anauliza bei unamwambia "njoo inboksi": namna ya kuandika blogu ya biashara mpaka ionekane Google

Mama yangu anauza samaki na barafu Morogoro. Mwaka jana alijichanga akanunua friza mpya kwenye duka moja kubwa tu la Dar, akapewa risiti, akapewa na kadi ya waranti ya mwaka mzima. Wiki ya tatu friza ikagoma, taa inawaka, mota inanguruma, baridi hakuna, na ndani kuna mzigo wa samaki aliokopa. Akapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi, haipokelewi. Kesho yake ikapokelewa, dada wa watu akamwambia "subiri mama nikuunganishe na ufundi", mziki ukapiga pale mpaka salio likakata. Nikaingia mimi kwenye ukurasa wao, nikaandika chini ya posti, wakajibu "karibu inboksi boss", nikaenda inboksi na maelezo yote na picha ya risiti, jibu "tunashughulikia", kesho yake "tunashughulikia", siku ya nne kimya kabisa. Samaki wote wakaharibika. Mi ni fundi friji, ningeweza kuifungua mwenyewe, lakini kadi imesema fundi wa nje akigusa tu waranti imekufa, kwa hiyo nimekaa naangalia mali ya mama inaoza na mikono ninayo.

Usiku ule nikafungua websaiti yao nikitafuta hata namba nyingine ya simu, nikakuta wana blogu kabisa, na makala za kutosha: faida kumi za kuwa na friza, kwa nini utuchague sisi, heri ya sikukuu kwa wateja wetu wapendwa. Makala inayosema friza ikiharibika ndani ya waranti ufanye nini, uipeleke wapi, nani analipa gari ya kuibeba, itachukua siku ngapi, hamna hata moja. Nikaandika swali lenyewe Google kwa Kiswahili, nikaletewa matangazo ya kuuza friza.

Hasira ile ikanifanya nishike simu yangu niangalie mi mwenyewe nawajibuje wateja wangu. "Bei inategemea boss." "Lete tuione." "Njoo ofisini tutaongea." Mtu yuko Mbagala, friji imejaa chakula cha wiki nzima, anataka tu kujua tatizo ni dogo au ajipange kwa hela ndefu, na mi namwambia lete tuione, kama vile kubeba friji kutoka Mbagala mpaka Tabata ni kubeba mfuko wa Rambo. Iliniuma sana. Hapo ndo nilipoanza kuandika, na haya ninayokuelekeza hapa ni yale niliyoyaona yanafanya kazi, we unaweza ukawa unauza vipodozi, unashona, una gereji, una duka la spea, njia ni ile ile.

Makala zako ziko kwenye WhatsApp yako

Watu wengi wakifungua blogu ya biashara wanakaa wanawaza "leo niandike nini", mwisho wanaandika historia ya kampuni na maono na dhamira, vitu ambavyo hakuna mteja duniani ameamka asubuhi akavitafuta. We chukua daftari na simu. Fungua meseji za wateja za miezi miwili iliyopita, soma moja baada ya nyingine, na kila swali uliloulizwa liandike kama lilivyo, kwa maneno yake yeye, usilisafishe. Kama aliandika "friji yangu inawaka ila haigandishi shida nini" andika hivyo hivyo. Kama unapigiwa zaidi kuliko kuandikiwa, weka daftari karibu na simu wiki mbili na kila anayepiga andika alichouliza kabla ya kitu kingine chochote. Kama una kijana anayepokea simu mwambie naye aandike, yeye anajua mengi kuliko wewe mwenye biashara.

Ukimaliza utaona maswali ni mengi lakini yanajirudia. Kwangu mimi karibu yote yaliangukia kwenye mafungu machache: shida ni nini, bei gani, inachukua muda gani, mko wapi na mnakuja mpaka nyumbani au la, na ikiharibika tena inakuwaje. Hilo la mwisho ndo wafanyabiashara tunalikimbia na ndo hilo lililomuumiza mama, nitalirudia.

Kila swali lililojirudia ni makala moja. Usichanganye matano kwenye makala moja ukidhani unaokoa muda, manake anayetafuta anakuja na swali moja.

Andika kama wanavyoandika wao

Hapa Kiswahili chetu kina mambo yake. Kwenye kamusi kuna jokofu, neno zuri, lakini sijawahi kupigiwa simu na mtu akaniambia jokofu lake halipozi ipasavyo. Watu wanasema friji haigandishi, friji haipozi, friji inatoa maji, friji inapiga shoti, mwingine anasema haishiki baridi. Na anachosema mdomoni ndo anachoandika Google. Ukiandika makala nzima kwa Kiswahili cha ofisini, na mteja anatafuta kwa Kiswahili cha nyumbani, unampa mashine kazi ya kubahatisha. Kichwa cha makala kiwe kwa maneno ya mteja, na ndani yatumie maneno mengine yanayokaribiana pale yanapokuja yenyewe, jokofu nalo litaje mara moja, halina neno.

Ili ujue watu wanaandikaje kuna njia ya bure kabisa. Fungua Google, anza kuandika maneno mawili tu, mfano "friji haiga", halafu simama usibonyeze. Itakuletea mapendekezo chini, na yale yanatokana na vitu ambavyo watu wameshavitafuta kweli. Yaandike daftarini. Jaribu na "bei ya", jaribu na "jinsi ya", jaribu na jina la eneo lako. Halafu tafuta kabisa uone nani anatokea na amejibu nini, na chini mwa ukurasa kuna utafutaji mwingine unaofanana na huo, nao uandike. Ipo pia Google Trends, unachagua nchi, Tanzania au Kenya, unalinganisha maneno mawili uone lipi linatafutwa zaidi, ila kwa maneno ya Kiswahili mara nyingine inakosa data ya kukuonesha, usivunjike moyo, daftari lako lina thamani zaidi.

Nimeulizwa sana kama ni bora kuandika Kiingereza. Mi naona andika kwa lugha ambayo mteja wako anakuuliza. Ukiandika Kiingereza kuhusu friji unashindana na kampuni za Marekani na India zenye waandishi wa mshahara. Ukiandika kwa Kiswahili kuhusu friji inayoungua kwa sababu umeme wa Dar unakatika na kurudi kwa nguvu, washindani wako ni wachache na wengi wao wamenakili. Kama wateja wako ni wa hoteli na ofisi za wageni basi sawa, Kiingereza, lakini usifanye hivyo kwa sababu tu unaona kinaonekana cha kisomi.

Jibu kwanza, hadithi baadaye

Mtu aliyefungua makala yako ana bando linaliwa na friji inatoa maji. Usimwanzie na "katika ulimwengu wa leo friji ni kifaa muhimu sana". Anajua, ndo maana ana stress. Sentensi mbili tatu za mwanzo zimpe jibu, halafu chini ndo ufafanue.

Ngoja nikupe mfano wa makala yangu ya kwanza, ya friji inayowaka taa lakini haigandishi. Mwanzo kabisa nimeandika kwamba kabla hujaita fundi angalia vitu vinne ambavyo havihitaji hela: swichi ya baridi ndani isije ikawa imezungushwa mpaka chini na mtoto, mpira wa mlango, vumbi la nyuma, na barafu iliyoziba. Halafu nikaeleza moja moja. Mpira wa mlango unaupima kwa karatasi, weka karatasi, funga mlango, vuta, ikitoka kirahisi bila kushikwa basi mpira umechoka na baridi inatoka hapo. Nyuma kama friji imebanwa ukutani na nyaya zimejaa vumbi, joto halina pa kutokea, isogeze mbele kidogo na usafishe ikiwa imechomolewa. Barafu ikiwa imejaa mpaka imeziba matundu ya hewa, izime usiku kucha mlango ukiwa wazi iyeyuke, na usichokonoe kwa kisu hata siku moja, wengi wanatoboa bomba hapo hapo na kazi ya bure inageuka kazi ya laki.

Halafu nikaandika jambo ambalo mafundi wenzangu hawakupenda. Gesi ya friji haiishi kama ya jikoni. Mfumo wa friji umefungwa, gesi inazunguka mle mle, ikipungua maana yake kuna mahali panavuja. Kwa hiyo fundi akija akasema gesi imeisha akajaza akaondoka bila kutafuta panapovuja, baada ya muda utampigia tena. Na friji nyingi mpya zinatumia gesi inayoitwa R600a, imeandikwa kwenye kibandiko nyuma au kwenye kompresa yenyewe, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi, gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo fundi anayewasha mtungi wa kuchomelea ndani ya chumba bila kufungua madirisha na bila kuitoa gesi kwanza, msimamishe.

Unaona nilichofanya hapo. Mtu anaweza kusoma, akasafisha vumbi, friji ikapona, na mi sijapata hata mia. Sawa tu. Siku ikiharibika kweli ananipigia mimi, kwa sababu mimi ndo niliyemwambia ukweli bila kumtoza. Ukificha ujuzi wako ukidhani utaibiwa kazi, mteja ataenda kuupata kwa mwingine na kazi ataipeleka huko huko.

Na picha piga mwenyewe. Mpira uliochoka, bomba lililotobolewa na kisu, piga kwa simu yako ofisini kwako. Picha za kudaundolodi za fundi wa Kizungu mwenye kofia ya njano haziaminishi mtu wa Buza.

Bei iandike

Najua kila sababu ya kutoandika bei kwa sababu nilizitumia zote. Washindani wataiona. Mteja ataogopa. Inategemea na kazi. Sasa fikiria wewe ukiwa mteja, umeuliza bei hadharani ukaambiwa njoo inboksi, unaanza kuwaza wanataka waangalie profaili yako kwanza wajue wakupige kiasi gani. Watu watano wanauliza bei kwenye posti moja, wote watano wanaambiwa inboksi, halafu mwenye duka analalamika wateja wa mtandaoni hawako siriasi.

Kama kweli inategemea, eleza inategemea nini. Andika hivi, na hii ni mfano tu wa namna ya kuandika: "Kujaza gesi friji ya mlango mmoja kwetu ni kati ya 60,000 na 90,000. Inakuwa juu kama bomba limetoboka mahali pa kufungua sana, inakuwa chini kama ni kuungia tu. Usafiri wa kuja Tabata, Segerea na Kinyerezi umo humo, nje ya hapo tunakwambia kabla hatujatoka. Bei hizi tumeziandika mwezi huu." Mteja akisoma hivyo hata kama ni kubwa kwake anajua anasimama wapi. Na ukiandika tarehe ya bei, basi ukibadilisha ofisini nenda ukabadilishe na kwenye makala siku hiyo hiyo, mteja akija na bei ya zamani na ameiona kwako mpe ile, kosa ni lako.

Kuna jamaa Marekani, Marcus Sheridan, alikuwa na wenzake na kampuni ya kuchimba mabwawa ya kuogelea Virginia, inaitwa River Pools. Msukosuko wa uchumi wa 2008 ulipopiga, watu wakaacha kununua mabwawa, kampuni ikawa karibu kufa. Alichofanya ni kukaa usiku kuandika majibu ya maswali yote aliyowahi kuulizwa na wateja, likiwemo lile ambalo wenzake wote kwenye biashara hiyo walikuwa wanaliruka, bwawa la faibagilasi linagharimu kiasi gani. Hakuweka bei moja, alieleza kinachopandisha na kinachoshusha. Makala ile ya bei ikaja kuwa moja ya zilizomletea wateja wengi kuliko zote, kwa sababu kila aliyeuliza Google swali lile alikuwa anakutana na yeye. Swali lile lile wateja wa Kariakoo wanakuuliza wewe kila siku.

Makala ambayo karibu hakuna anayeiandika

Andika makala inayoitwa, kwa mfano, "Ukinunua kwetu kikaharibika, fanya hivi". Hii ndo ambayo ingemwokoa mama. Iwe na mambo haya kwa uwazi: waranti ni ya muda gani na inaanza siku gani, inafunika nini na haifuniki nini (umeme uliopanda? mpira? kuanguka?), mteja aje na nini, risiti ikipotea inakuwaje, nani analipa gari, itachukua siku ngapi mpaka ajibiwe na siku ngapi mpaka itengenezwe, na ikishindikana anabadilishiwa au anarudishiwa hela. Halafu jina la cheo cha anayehusika na namba yake, na saa anazopatikana.

Ukishaiandika, jua umetoa ahadi hadharani. Kwa Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa na huduma, na Tume ya Ushindani, FCC, ndo wanaoisimamia, kwa hiyo usiandike "waranti miaka miwili" kwa herufi kubwa halafu ukaficha masharti. Ila faida yake ni kubwa sana. Mtu anayelinganisha maduka mawili yenye bei sawa, mmoja ameandika kikiharibika unafanya hivi na mwingine hajaandika kitu, we ungenunua wapi?

Na kuna jambo nililojifunza kwenye kuandika yangu: nilikwama. Nilipofika "nani analipa gari" nikagundua sijawahi kuamua, kila mteja nilikuwa namjibu kivyake kutegemea nimeamkaje. Kuandika kulinilazimisha kuamua, na baada ya hapo hata kijana wangu akipokea simu jibu ni lile lile.

Sasa ya mashine

Hapa sitakaa sana, manake wengi wanaanzia hapa wakaishia hapa.

Pa kuandikia: kama huna hela kabisa anza na Blogger, ni bure na ni ya Google tangu 2003. Ukiweza lipia jina lako mwenyewe la websaiti, linaloishia na .co.tz au .co.ke, na uweke WordPress, programu ya kujengea websaiti. Ukurasa wa Instagram peke yake hautoshi, posti ya mwezi uliopita imeshazama, na anayetafuta tatizo saa sita usiku hashuki mpaka chini kuitafuta. Na kwa Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaja zingine 2020, zikarekebishwa 2022, kwa hiyo usichukue ushauri wa mtaani wa miaka ile, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe kama unachotaka kuandika kinahitaji leseni.

Ukiwa na WordPress angalia kitu kimoja kabla ya vyote: kwenye mipangilio, sehemu ya usomaji, kuna kiboksi kidogo cha kuziambia mashine za kutafuta zisiiweke websaiti yako. Aliyekutengenezea anaweza akawa alikitiki wakati anajenga akasahau kukitoa. Nimeona mtu ameandika miezi na miezi, Google hana habari naye, kumbe kiboksi. Ili kujua kama Google anakujua andika site: halafu jina la websaiti yako bila nafasi, utaona kurasa zako alizozishika. Ikija tupu kuna shida.

Halafu jiunge Google Search Console, sehemu ya Google ya kukuonesha websaiti yako inavyotokea kwenye utafutaji, ni bure, utathibitisha kwamba websaiti ni yako, utawapa ramani ya kurasa zako. WordPress kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 inaitengeneza yenyewe, ni jina la websaiti yako ukiongeza /wp-sitemap.xml mwishoni. Ukitoa makala mpya unaweza kuibandika linki yake mle ukaomba waje waipitie.

Kichwa cha makala kiwe kifupi, herufi 60 hivi, kikizidi sana kinakatwa kwenye matokeo. Picha zipunguze uzito kabla ya kuzipandisha, picha ya simu inaweza kuwa na MB nne, ukiweka sita kama hizo umemmalizia mtu bando na ataondoka kabla hazijafunguka. Ifungue makala yako kwa simu ya bei nafuu, siyo kwa laptopu yako, na ukiwa na mtandao dhaifu, uone. Makala zako ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, ya friji haigandishi iwe na linki ya bei, ya bei iwe na linki ya waranti. Na yale maneno yaliyofichwa, wanayaita meta keywords, ya kurundika kwenye msimbo wa ukurasa, anayekuuzia huduma hiyo anakula hela yako, Google walisema wazi tangu 2009 kwamba hawayatumii kupanga matokeo.

Kama una ofisi ambayo watu wanaifuata, jisajili na ile sehemu ya biashara kwenye ramani za Google, nayo ni bure. Google wenyewe wanasema wanapanga matokeo ya karibu kwa kuangalia mambo matatu, unachofanya kinaendanaje na kilichotafutwa, umbali wako na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Jina, namba ya simu na saa za kazi viwe sawa sawa kwenye ramani, kwenye websaiti na kwenye kurasa zako zote. Sikukuu ya Idi umefunga, badilisha saa. Mtu amepanda daladala mbili kukufuata na Google imemwambia umefungua, yule humpati tena.

Akikulalamikia hadharani

Atakuja mtu akuandikie nyota moja. Usimjibu siku hiyo ukiwa umewaka. Angalia kwanza kweli alihudumiwa lini na nani. Halafu mjibu hapo hapo hadharani kwa heshima, mwite dada au kaka kama ambavyo ungemwita akiwa mbele yako, taja alichosema ili ajue umesoma, kama kosa ni lenu sema ni letu, eleza mtafanya nini na lini, na mpe namba ya mtu. "Pole sana dada, ni kweli tuliahidi Jumanne tukaja Alhamisi, na hatukukupigia. Kijana atakuja kesho saa nne kumalizia bila malipo." Basi. Wanaosoma jibu lile ni wengi kuliko aliyelalamika. "Karibu inboksi" peke yake ndo ile ile iliyomfika mama.

Usitangaze mazungumzo ya mteja kumkomoa, usiweke skrini shoti yenye namba yake. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Na usinunue maoni mazuri wala kumpa mtu punguzo ili akuandikie nyota tano, sheria za Google zinakataza na wanayafuta. Muombe tu mteja aliyeridhika, kazi ikiwa imeisha na friji inagandisha, mtumie linki palepale.

Lalamiko likijirudia mara mbili, lirudishe kwenye daftari. Hilo ni swali, na swali ni makala.

Ukinakili utaishia wapi

Kuna wanaochukua makala ya Kiingereza, wanaitafsiri kwa mashine, wanabandika ishirini kwa wiki. Google walianza kuzishusha kurasa nyepesi za kujaza nafasi tangu 2011 kwa badiliko walilolipa jina la Panda, na Agosti 2022 wakaja na badiliko lingine la kupima kama makala imeandikwa kumsaidia mtu au kuidanganya mashine. Mwisho wa mwaka huo huo wakaongeza kwenye mwongozo wao kipimo cha uzoefu, yaani aliyeandika amewahi kukifanya hicho kitu kwa mikono yake? Hapo we fundi, we mshonaji, we mama wa mapishi, una kitu ambacho kampuni kubwa haina. Andika ulichokishika. Makala moja kwa wiki mbili, ya kweli, inatosha.

Na ujue itachelewa. Wiki za kwanza ni kimya. Kila mwisho wa mwezi ingia Search Console uangalie watu waliandika nini mpaka ukatokea, umetokea mara ngapi, wangapi wamebonyeza. Maneno ambayo umetokea sana lakini hubonyezwi, kichwa chako hakijawaambia kwamba jibu lipo, kibadilishe. Maneno ambayo hukuyategemea kabisa, hayo yaandikie makala yake. Mi niliona watu wanakuja kwa kuuliza umeme ukirudi wasubiri dakika ngapi kuwasha friji, kitu ambacho sikukiandikia, nilikitaja tu kwa mstari mmoja. Nikakiandikia: subiri dakika tano hivi, manake kompresa ikizimwa gesi ndani inabaki na presha kubwa upande mmoja, ukiiwasha papo hapo inalazimishwa kusukuma ikiwa imeelemewa, na ndo kazi ya kile kifaa cha friji gadi, kuichelewesha.

Friza ya mama ilikuja kushughulikiwa baada ya mjomba kwenda kukaa pale dukani kutwa nzima bila kuondoka. Hela ya samaki hakurudishiwa.

Kabla hujaandika makala ya pili, chukua laini nyingine, piga namba iliyoko kwenye websaiti yako. Piga saa nane mchana watu wakiwa wengi, piga na saa moja jioni kama umeandika mnafunga saa mbili. Jifanye mteja ambaye friza yake imegoma na ndani kuna samaki, halafu sikiliza utajibiwa nini.